Mama Amepumzika

Bwenini,
3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua umegeuza bahasha mara mbili kuhakikisha kweli ni mimi, maana mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa darasa la saba, nikiomba saa ya mkononi. Safari hii siombi saa. Naomba chumba chako.

Na usiseme ningepiga simu. Simu yako na masikio yako vyote vimezeeka. Nikisema "nimefaulu" unasikia "nimeanguka", mama anapata presha bure.

Mwisho wa mwezi wa tatu, sisi wa mwaka wa mwisho tunarudisha fomu ya kuchagua fani. Karatasi yenyewe ni ndogo, ina mistari mitatu ya machaguo, na bweni zima limepagawa. Mwenzangu wa kitanda cha juu anaenda ngozi, kwa sababu hajawahi kumwona daktari wa ngozi akikimbia. Yule tunayemwita Nyundo anataka mifupa. Anasema mfupa ukivunjika unauona umevunjika, haukufichi kitu. Mwingine anaenda watoto, na sisi wote tunajua ni kwa sababu ya mhadhiri wa watoto, tena mhadhiri mwenyewe ndiye pekee asiyejua.

Mimi nataka eksirei. Nataka kukaa na wewe kwenye chumba cha giza, nisome picha.

Nasikia unavyocheka. Wewe ndiye uliyenipa jina la Chiriku kwa sababu sikufunga mdomo tangu nilipoota jino la kwanza. Mkuu wa wodi ya wanawake, yule mama mwenye miwani ya kamba, aliwahi kuniambia mbele ya wenzangu kwamba mdomo wangu ni nusu ya dozi, na anangoja nichague wodi yake. Sijamwambia. Nimeongea vya kutosha, Mjomba. Nataka kazi isiyojibu.

Nijibu upesi kama nafasi ya mwanafunzi bado ipo. Na hata ukisahau mengine yote, nijibu hili moja: mlango wa chumba chako unalia ukifunguliwa?

Mpwa wako,
Chiriku


14 Februari

Chiriku,

Marahaba, marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaenda stoo kuleta kiti cha pili. Fundi sanifu wangu, kijana wa kupiga picha, akaniuliza mgeni ni nani. Nikamwambia ni mrithi. Hajawahi kuniona natabasamu kabla ya saa sita mchana, akanipima kwa macho kama nina homa.

Nafasi ipo. Nitaishikilia mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, na anayeitaka apigane na mimi.

Mlango haulii. Kuna pazia jeusi zito, na nyuma yake mlango wenye mpira pembeni. Mtu akiingia humsikii mpaka akohoe. Siku hizi picha zinaingia kwenye kompyuta, lakini mimi bado natoa zile ngumu za filamu na kuziweka kwenye kioo cha taa, kwa sababu jicho langu lilifundwa hapo. Zinakuja kwenye bahasha za kahawia, kupitia kidirisha. Mimi sisomi majina. Nasoma kivuli, naandika mstari mmoja, narudisha bahasha kidirishani. Hakuna atakayekushika mkono akuulize kitu. Miaka thelathini na moja sijashikwa mkono.

Nimeusoma huo mstari wa mwisho nikaona unasikitisha kidogo. Usiutilie maanani.

Lakini mpwa wangu, ukurasa wa kwanza umenichekesha mara tatu, na wa pili haukunichekesha hata mara moja. Kwa nini unauliza habari za mlango?

Mjomba wako


22 Februari

Mjomba,

Ahsante kwa kiti.

Umeuliza habari za mlango. Kuna rafiki yangu mmoja darasani, humjui, yamemkuta makubwa, na ni mimi anayenisimulia. Nakuandikia ili unisaidie cha kumwambia.

Mwezi wa kumi na moja alikuwa kwenye mafunzo wodini. Kitanda namba kumi na moja, kile cha dirishani, alilazwa mama mmoja mwenye moyo uliochoka. Maji yalikuwa yamepanda mapafuni. Kwa siku mbili hakupata hata lepe la usingizi. Alikaa wima amekumbatia mto, anaitafuta pumzi. Binti yake alikaa kwenye benchi la koridoni siku zote hizo mbili, chini ya saa ya ukutani, na kikapu miguuni. Rafiki yangu alikuwa akimpitia, akimpa neno hili na lile. Unajua watu wengine hawawezi kumpita mtu kimya.

Asubuhi ya siku ya tatu dawa ikakubali. Saa nne mama akalaza kichwa, pumzi ikatulia, akalala usingizi mzuri kabisa. Rafiki yangu akatoka na furaha yake, akamshika yule binti mikono yote miwili, akamwambia, "Dada, mama amepumzika."

Akaongeza, "Nenda nyumbani sasa. Hakuna haraka tena."

Mjomba, hebu yaseme maneno hayo kwa sauti, ukiwa umekaa kwenye benchi lile siku mbili.

Binti alimtazama. Akasema, "Ahsante, daktari." Akachukua kikapu, akaondoka bila kulia. Rafiki yangu akajisemea, huyu dada ana adabu, tena kachoka, atapata usingizi na yeye.

Saa saba mama akaamka na akili zake zote. Akatazama mlangoni akauliza, "Wamefika?" Rafiki yangu akapiga namba iliyokuwa kwenye faili, simu imezimwa. Akapiga tena. Mlango wa wodi ile unalia, bawaba zake hazijaonja mafuta tangu uwekwe, na kila ulipolia mama aligeuza kichwa. "Wamefika?" Rafiki yangu akawa anamjibu, "Wako njiani, mama." Hivyo hivyo mpaka saa moja jioni, akafa uso umeelekea mlangoni.

Kesho yake asubuhi binti alikuja na nguo ya kumzikia mama yake, imeshonwa, imepigwa pasi. Ndipo ilipoeleweka alichokuwa amekisikia. Hakuna aliyemwambia ukweli.

Sasa rafiki yangu akisikia mlango wowote, wa maktaba, wa kantini, wa choo, anasikia na swali. Sauti ya mama yule yule, ya chini, ya mtu anayebana pumzi. Wiki iliyopita, katikati ya mtihani wa mdomo, mlango ulilia nyuma yake, akageuka akajibu, "Wako njiani." Watahini wakatazamana.

Utamwambia nini mtu wa namna hiyo? Si bora akakae mahali pasipo na mlango?

Chiriku


2 Machi

Chiriku,

Rafiki yako ana mwandiko mzuri. Hata mkia wa herufi "g" anauvuta kama wewe. Msalimie sana.

Mwambie na mimi nina rafiki.

Rafiki yangu alipokuwa daktari mbichi, alitumwa kumweleza baba mmoja habari za mwanawe. Akafika mlangoni, akabana faili kifuani, mdomo ukakataa. Alisimama pale mpaka muuguzi akampita, akaenda kusema yeye. Wiki ile ile rafiki yangu akachagua eksirei. Wakimuuliza kwa nini, anasema anapenda picha. Amelisema sana hilo, nusu yake amekuja kuliamini.

Miaka ishirini ikapita, rafiki yangu yuko raha mustarehe. Hasomi majina, hakumbuki sura. Akawa anajivunia ufupi wa maandishi yake. Wengine wanaandika aya nzima, yeye mstari.

Siku moja bahasha moja ikaingia pamoja na nyingine. Pafu la kulia, kivuli kikubwa kuliko limau. Akaandika: "Uvimbe pafu la kulia, umeenea. Si wa kupasua." Akatia sahihi, akaipitisha kidirishani, akaagiza chai.

Jioni akarudi nyumbani. Mkewe amekaa mezani, jiko halijawashwa, bahasha ya kahawia iko mbele yake. Alikuwa anakohoa wiki nyingi, akaenda kupimwa kimya kimya ili asimtie mumewe wasiwasi. Kijana wa kupiga picha wa siku zile alikuwa mgeni kazini, hakumjua ni nani. Na mwandiko wangu aliufahamu tangu barua za uchumba. Akaisogeza bahasha upande wangu akasema, "Nimekusoma, bwana."

Aliishi miezi mitano zaidi, tukazungumza mambo yote, watoto wa watu, mvua, chumvi kwenye mboga. Sentensi yangu hatukuigusa.

Ninyi nyumbani mliambiwa kwamba mkazamjomba wako alielezwa na daktari wake. Si uongo. Nilimwambia mke wangu kwamba anakufa, na sikuwepo.

Ni miaka kumi na moja sasa. Bado kila bahasha ikija naigeuza upande wenye jina, kisha naogopa kulisoma, nairudisha kifudifudi. Fundi sanifu anadhani ni mazoea ya kazi.

Nafasi yako bado ipo. Nilifurahi mno uliponiandikia, nikakuficha habari hii, maana chumba ni kimya na mimi ni mzee. Nisamehe kwa hilo. Huku kweli hakuna mlango unaolia, lakini mwambie rafiki yako asije akidhani kwamba kukosa mlango kunatosha.

Mjomba wako


Nyuma ya soko,
5 Machi

Kwa daktari mwanafunzi mwenye kifungo cha bluu,

Jina lako silijui. Nilimuuliza karani wa wodi, akasema wanafunzi ni wengi na mwezi wa kumi na moja umeshakuwa mbali. Nikamwambia: koti lake lina vifungo vyeupe, isipokuwa cha pili kutoka juu ni cha bluu, kimeshonwa kwa uzi mweusi na mtu asiyejua kushika sindano. Akacheka, akasema huyo namfahamu, lete barua.

Mimi ni fundi cherehani. Ni binti wa mama aliyekuwa kitanda namba kumi na moja.

Uliniambia mama amepumzika. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nina hakika, kwa sababu nilikaa chini ya saa ile siku mbili na sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Simu yangu ilikuwa imekufa chaji tangu jana yake, na sikuwa tena na wa kumpigia. Nilirudi nyumbani, nikatoa kitambaa alichokichagua mwenyewe kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, nikakaa kwenye cherehani nikamshonea nguo ya kuzikiwa. Sikusimama mpaka jua lilipozama. Niliweka upindo wa mkono, maana hakupenda upindo wa mashine.

Saa kumi shemeji yangu alikuja huko kuuliza utaratibu wa kumchukua. Mtu wa mochwari akamwambia bado hajashuka. Tukasema hospitali ina mambo mengi.

Mwezi uliopita cheti kimetoka. Kimeandikwa: saa moja jioni. Shemeji anasema makarani hukosea. Inawezekana. Nimejiambia hivyo wiki tatu, na katika wiki tatu hizo nimeharibu magauni mawili ya wateja. Mkono unakata, akili imekaa koridoni.

Sikushtaki, wala sina nia ya kukuletea matatizo kazini. Ulikuwa mwema kwangu, ulinipitia mara nyingi kuliko waliokuwa wakubwa. Nauliza saa tu. Mama yangu alikufa saa ngapi?

Kama ni saa nne, andika saa nne, nami nipumzike. Kama ni saa moja, basi niambie siku ile nilikuwa namshonea nani.

Fundi


9 Machi

Mjomba,

Hakuna rafiki. Ulijua. Nimekunakilia barua ya fundi uisome kabla hujaendelea na yangu.

Umeisoma? Sasa kuna jambo sikukuandikia, na ndilo linaloniamsha.

Nilikwambia ilieleweka kesho yake, nguo ilipoletwa. Si kweli. Mimi nilielewa saa kumi, mama yuko hai.

Mtu wa mochwari alipanda wodini anacheka. "Jamani, ndugu wa kitanda kumi na moja wamekuja kumchukua marehemu wao! Nimewaambia bado hajashuka." Muuguzi akasema watakuwa wamekosea wodi. Akarudi kwenye sindano zake. Mimi nikasimama na faili mkononi, maneno yangu ya asubuhi yakanirudia moja moja. Amepumzika. Hakuna haraka tena. Nyuma yangu mama akauliza, "Wamefika?"

Nilifungua faili. Anwani imeandikwa pale: nyuma ya soko, chumba cha fundi cherehani. Ni dakika ishirini kwa miguu, Mjomba. Ningekwenda na kurudi naye kabla ya saa kumi na moja. Saa mbili nzima wangekaa pamoja.

Sikwenda. Nimejitafutia sababu miezi minne: kwamba mgonjwa asiachwe, kwamba mwanafunzi haruhusiwi kutoka, kwamba huenda wangekuja tu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilijiona nimesimama mlangoni kwa watu wenye msiba nikiwaambia msiba bado, nilikosea kusema. Nikaogopa nyuso zao. Basi nikavuta kiti, nikakaa na mama, nikamshika mkono, nikamdanganya kwa sauti tamu mpaka akafa. Kila aliyepita alinisifu. Mkuu wa wodi ameandika kwenye ripoti yangu kwamba nina huruma kuliko wenzangu wote.

Nimeshamwandikia fundi majibu mawili. La kwanza lina maneno mawili tu: saa nne. La pili lina kurasa saba na haliishi.

Lile la kwanza ndilo litakalompumzisha. Ameliomba mwenyewe. Je, si huruma?

Fomu nimeijaza, eksirei mstari wa kwanza, mistari mingine nimeikata kwa wino. Iko chini ya mto. Nijibu haraka, Mjomba, kabla sijatuma lile fupi.

Chiriku


16 Machi

Chiriku,

Usimwandikie. Mimi niliandika.

Nenda kwa miguu. Dakika ni zile zile ishirini.

Usivae koti. Ukifika, usianze kwa kulia, maana ukilia wewe, yeye ndiye atakayekubembeleza, na hilo litakuwa wizi wa pili. Sema saa, sema na lile la saa kumi, kisha nyamaza. Kunyamaza kwako najua ni kazi ngumu kuliko shahada.

Kiti cha pili nimekiacha kilipo. Ukija kwa kupenda picha, karibu sana, nitalia kwa furaha. Ukija kwa kumkimbia mtu, utamkuta ameshafika kabla yako na amekaa.

Jana nilisoma jina. Lilikuwa refu. Nilitoka nje ya pazia, nikamwita mwenyewe, akaja mzee wa rika langu na kofia yake mkononi. Nilimwambia uso kwa uso. Nilisema vibaya, nikarudia maneno, jasho likanitoka. Akanishika mkono.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba,

Nilikwenda Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, bila koti.

Ni chumba kimoja, mlango wake uko wazi mchana kutwa kwa ajili ya mwanga. Alikuwa anashona sare ya shule. Hakunitambua mpaka nilipotoa sauti. Nikasema, "Dada, mimi ndiye wa kifungo cha bluu. Mama alikufa saa moja jioni." Mashine ikaendelea kidogo, kisha ikasimama.

Nikamwambia yote: usingizi wa saa nne, kuamka saa saba, simu, mlango. Nikamwambia na la saa kumi. Nilisema, "Nilijua. Anwani ilikuwa mkononi. Niliona aibu kuja." Kisha nikanyamaza kama ulivyoagiza. Nje kulikuwa na mtu anatwanga kitu, nilihesabu mitwango mpaka nikapoteza hesabu.

Aliondoa nguo chini ya sindano, akakata uzi kwa meno. Akauliza, "Alikuwa na njaa?"

Nikasema aliomba chai saa nane, akanywa vijiko vitatu.

"Yenye sukari?"

"Isiyo na sukari."

"Ndiyo," akasema. "Sukari aliacha." Hapo ndipo alipolia, na mimi nilikaa pale kwenye kigoda chake nimejishika magoti, sikumgusa.

Alipomaliza aliniambia hivi, nayaandika yalivyo: "Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, usiniulize. Lakini zile saa tisa hakuna mwingine aliyeziona. Zimo kichwani mwako, na ni zangu. Utakuja kila Jumamosi, utanipa saa moja moja. Usichanganye, usipambe. Ukinipa zote leo zitapotea."

Jana ilikuwa ya kwanza, saa nne mpaka saa tano. Mama amelala tu. Nilidhani sina la kusema, lakini yeye aliuliza: amelalia upande gani, mdomo wazi au umefungwa, mto uko wapi, nani kamfunika. Kumbe nilikuwa nakumbuka yote. Akatikisa kichwa akashona, akatikisa kichwa akashona. Nilipotoka aliniambia nikija tena nije na lile koti, kifungo kile kinamuudhi.

Fomu nimeirudisha, Mjomba, mpya. Mstari wa kwanza: magonjwa ya ndani, wodi ya wanawake. Nilikwenda kwanza kumweleza mkuu wa wodi habari yote ya kitanda kumi na moja, pamoja na ile huruma aliyoiandika. Alivua miwani, akasema ripoti ataiandika upya na haitakuwa nzuri, na kama bado naitaka wodi yake nianze kwa kujifunza kusema "amelala usingizi, yuko hai, nenda ule urudi". Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Mwenzangu wa kitanda cha juu anadhani nimerukwa na akili.

Nisamehe kwa kiti. Mpe mtu anayependa picha.

Swali bado nalisikia. Usidhani limeondoka. Mlango ukilia nalisikia vile vile, sauti ile ile ya chini, lakini simjibu tena kwamba wako njiani. Namwambia sijui.

Mpwa wako,
Chiriku


Nyuma ya soko,
19 Mei

Daktari,

Koti lako liko tayari. Nimetoa kile cha bluu, nimeweka cheupe, na vingine vyote nimevikaza maana vilikuwa vimeshikwa na dua tu. Kile cha bluu nimebaki nacho.

Tumefika saa kumi na mbili. Imebaki Jumamosi moja na saa moja.

Zile za nyuma umenipa vizuri. Ile ya saa kumi ulinipa bila kujipunguzia, nilikuwa nakusikiliza kwa hilo. Sasa naijua siku ile yote. Najua alilalia upande wa kushoto, najua chai, najua alimsifia muuguzi nywele. Nikishona huwa nazipanga saa zile pembeni mwa zangu. Alipoomba dirisha lifunguliwe, mimi nilikuwa nakata mabega. Alipokuita jina langu kwa makosa, nilikuwa nimeanza upindo.

Hii ya mwisho sitaki unipe nyumbani kwangu. Ongea na mkuu wako wa wodi. Kama kitanda kumi na moja kina mgonjwa, usimsumbue, mwambie tu kuna ndugu wa mtu amekuja kukaa kidogo. Nitavaa viatu visivyo na kelele. Nitakuja saa kumi na mbili jioni, nitakaa pembeni ukinisimulia taratibu mpaka saa moja itimie.

Lakini mlango usiutie mafuta. Nisikie ukilia nikiingia. Mama akiuliza, safari hii mwambie ndiyo.

Fundi